Uyoga wa Mama Mkwe

Tangu aolewe, mtafiti hakuwahi kusemeshwa na mama mkwe wake moja kwa moja. Mama mkwe alimsemesha kupitia kwa mwanawe. Watatu hao walikuwa wakikaa sebuleni, magoti yakikaribia kugusana, na mama mkwe akimgeukia mwanawe na kusema, "Mwambie mkeo chai inapoa." Mume, mwalimu wa hesabu na mtu wa amani kupita kiasi, alikuwa akigeuka upande wa pili: "Mama anasema chai inapoa." Na mtafiti, ambaye masikio yake yalikuwa mazima kabisa, alikuwa akiinua kikombe na kujibu, "Mwambie mama nashukuru."

Ugomvi haukuwapo. Mtafiti alikuwa amelichunguza suala hilo kwa utaratibu uleule aliochunguzia mambo mengine: alizipanga sababu zote zinazowezekana, akazikata moja baada ya nyingine, ikabaki moja. Mama mkwe hakuona maana ya kazi yake.

"Mwanamke analeta uyoga nyumbani kwa mifuko halafu haupiki," alikuwa akiwaambia majirani. "Anaukausha, anaupa namba, anaupeleka ofisini. Sasa huyo ni mke au karani wa uyoga?"

Kusema haki, maelezo hayo hayakuwa mbali na ukweli. Mtafiti alifanya kazi katika chumba cha ghorofa ya pili chenye friza tatu, meza ndefu na dirisha lisilofunguka, na kazi yake ilikuwa kutenganisha kuvu zinazofanana. Zipo spishi ambazo hata ukizishika mkononi huwezi kuzitofautisha: kofia ileile, rangi ileile, kikonyo kilekile. Wataalamu wa zamani walizitia zote katika jina moja wakaenda zao kulala. Siku hizi hunyofolewa kipande cha nyama ya uyoga, kikasagwa, DNA yake ikatolewa, na sehemu moja fupi ambayo wataalamu wa kuvu wamekubaliana kuitumia ikasomwa herufi kwa herufi. Herufi zenyewe ni nne tu, zinazojirudia kwa mamia, na mpangilio wake ndio kitambulisho. Kwa sura, uyoga unaweza kukudanganya mchana kweupe. Kwa herufi, ni vigumu zaidi.

Mambo yalianza Jumapili moja ya mvua, uani kwa wakwe. Mtafiti alitumwa kuni, kupitia kwa mumewe kama kawaida, akachelewa kurudi. Mume alipomfuata alimkuta kwenye kibanda cha kuni, amepiga magoti mbele ya gogo lililooza, kiganja kimejaa vikofia vya kahawia, vingine vidogo kama kifungo cha shati.

"Mama anauliza kuni," alisema mume.

"Mwambie mama hizi si kuni tena."

Kesho yake aliviweka chini ya hadubini. Vumbi linalodondoka chini ya kofia ya uyoga ndiyo mbegu yake, na katika vumbi lile aliona chembe zenye vinundu ambavyo hakuna kitabu kilichovitaja kwa kuvu za aina ile. Chembe nyingine zilikuwa laini. Alidhani hazijakomaa. Hilo lilikuwa kosa, ila hakulijua. Kosa jingine alilifanya Jumapili iliyofuata, mezani kwa wakwe, na hilo alilijua papo hapo.

"Huenda ni spishi mpya," alimwambia mumewe. "Ikithibitika, anayeieleza kwanza ndiye anayeipa jina. Nimefikiria kuipa jina la mama, kwa kuwa imetoka uani kwake."

Mume akageuka kufikisha ujumbe. Mama mkwe akamzuia kwa kiganja.

"Nimesikia." Kisha, kwa mara ya kwanza, akamtazama mtafiti machoni. "Jina langu? La kuandikwa?"

"Huenda, mama. Ikithibitika."

"Litaandikwa wapi, mwanangu?"

Kijiko cha mume kilibaki hewani. Baba mkwe, aliyekuwa pembeni akisikiliza mpira, akapunguza sauti ya redio.

"Kwenye majarida ya sayansi," alisema mtafiti. "Kwenye hazina za data zinazosomwa dunia nzima. Jina likishachapishwa kwa kufuata kanuni, halifutwi."

"Halifutwi," alirudia mama mkwe taratibu, kama anayeonja chumvi.

Ukuta kwa ukuta na nyumba ile aliishi fundi cherehani mmoja, rafiki na mshindani wa mama mkwe tangu wote wawili wakiwa mabibi harusi. Juu ya mlango wa fundi palikuwa na ubao, na ubaoni jina lake kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama sahani. Kila aliyepita mtaa ule alilisoma. Mama mkwe alilea watoto watano, akazika wazazi wanne, wake na wa mumewe, akasimamia harusi zisizohesabika, na kila alipotoka kwenda dukani alilisoma jina la jirani yake. La kwake halikuandikwa popote ila kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilikaa kabatini.

Basi neno "huenda" halikufika hata getini. Kabla ya juma kwisha mtaa mzima ulijua kuwa kuna uyoga wenye jina la mama mkwe, tena uligunduliwa na "mkwe wangu, yule mwanasayansi." Karani wa uyoga alikuwa amepandishwa cheo. Simu nazo zikaanza kuingia maabara.

"Mwanangu, umekula?"

"Nimekula, mama."

"Hilo jina, wataliandika kwa herufi kubwa?"

"Kwa herufi ndogo, mama. Tena za kulala kidogo. Ndiyo kanuni."

"Za kulala? Kwani ni mgonjwa? Haya, sawa. Za kulala ni za kisomi."

Mtafiti hakuwa mtu wa kuzipa hisia nafasi kubwa. Hata hivyo aligundua, kwa mshangao kidogo, kuwa simu hiyo isipolia kabla ya chakula cha mchana, yeye huichungulia.

Upimaji aliufanya kwa uangalifu wake wote. Glavu mpya, wembe mpya, na pembeni kichupa cha maji matupu kama shahidi: maji yale yakionyesha DNA yoyote, basi kuna uchafu umeingia na kazi yote inamwagwa. Tatizo lilikuwa moja tu. Vikofia alivyokuwa amevikuta havijafunguka vilikuwa vidogo mno, na kimoja peke yake hakikutosha kutoa DNA ya maana. Alichukua vitatu, akavisaga pamoja katika kichupa kimoja. Vikubwa saba vilivyobaki alivikausha viwe vielelezo vya kuhifadhiwa. Vyote vilitoka gogo moja, kishada kimoja. Akavihesabu kuwa ndugu wa tumbo moja.

Majibu yaliletwa na fundi wa maabara. Huyu waliitana naye dada na kaka, lakini jengo zima lilimwita Barafu, kwa sababu ndiye aliyeshika funguo za friza, na kwa sababu nyingine iliyoonekana wazi kila alipotoa habari mbaya.

"Dada, kaa kwanza."

"Nimekaa."

"Basi kaa vizuri." Akaweka kompyuta mezani. "Uyoga umefanana na spishi ya zamani, inajulikana tangu enzi za mabibi wa bibi zetu. Herufi zinalingana takriban zote. Pole. Uyoga wako una wenyewe."

"Haiwezekani. Vile vinundu je?"

"Mashine haina wakwe, dada. Inasema ilichokiona."

Mtafiti aliitazama simu yake. Aliiona sebule, magoti matatu, na uso wa mama mkwe ukigeukia upande wa pili: mwambie mkeo. Ukweli ni kwamba hakuifungua michoro ya awali kwa ajili ya kupenda sayansi. Aliifungua kwa sababu bado alikuwa hajawa tayari kupiga simu.

Mashine ya kusoma DNA huchora safu ya vilima vya rangi nne, kila herufi na kilima chake. Sampuli ikiwa safi, kila kilima husimama peke yake. Katika mchoro huu, vilima vingi vilisimama hivyo. Lakini hapa na pale, chini ya kilima kirefu kulikuwa na kingine kifupi cha rangi tofauti, kimejibanza kama mtu aliyejipenyeza kwenye picha ya harusi asiyoalikwa. Kompyuta ilikuwa imesoma virefu na kuvipuuza vifupi. Mtafiti alivipima vile vifupi. Vingi vilikaribia theluthi ya vile virefu.

"Uchafu," alisema Barafu.

"Maji matupu yametoka matupu. Hakuna uchafu."

"Basi ni urithi wa wazazi. Uyoga nao una kuumeni na kukeni. Nakala mbili zinaweza kutofautiana."

"Kwa sehemu nyingi kiasi hiki? Ndani ya spishi moja?"

Barafu aliinama, akahesabu kwa kidole kwenye kioo. Kisha akainua uso.

"Uliweka vikofia vingapi kwenye kichupa?"

"Vitatu."

"Vitatu pamoja?"

"Vilitoka gogo moja."

"Na sisi tuko jengo moja," alisema Barafu. "Kwani mimi na wewe ni ndugu?"

Masikio ya mtafiti yalipata moto. Kosa lile lingefanywa na mwanafunzi, angelitolea mfano darasani kwa miaka. Kazi yake yote ilisimama juu ya kanuni kwamba kufanana si undugu, na yeye alisaga vitatu pamoja kwa sababu vilifanana na vilikaa jirani. Alivaa glavu, akavitoa vielelezo saba, akakata kila kimoja ncha ndogo, kila ncha katika kichupa chake. Vyote saba vikatoka na herufi za ile spishi ya zamani, bila kilima cha pembeni hata kimoja. Chini ya hadubini, chembe zao zote zilikuwa laini.

Maana yake ilikuwa rahisi, tena chungu. Kama uyoga wa pili ulikuwapo, ulikuwa mmoja kati ya vile vitatu, na wote ulikuwa umesagwa. Kilichobaki duniani cha spishi hiyo, kwa kadiri mtu yeyote alivyojua, ni tone la maji yenye DNA ndani ya friza ya Barafu.

"Urefu wa vilima si mizani, usije ukauapia," alisema Barafu, akivua glavu. "Lakini ningekuwa wewe, ningekuwa kwenye hilo gogo kabla jua halijazama."

Alipofika kwa wakwe, mumewe akiwa ametangulia kutoka shuleni, mama mkwe alimpokea getini.

"Mwanangu! Hata hukupiga simu! Njoo, njoo uone nilivyokutayarishia."

Akamshika mkono, akampeleka uani, akasimama kando kama anayefungua pazia. Kibanda cha kuni kilikuwa kimepakwa chokaa nje na ndani. Sakafu ilikuwa imepigwa deki kwa dawa ya choo. Ilinukia vizuri, kama hospitali. Kuni mpya, kavu, zilipangwa kwa urefu, ndogo mbele kubwa nyuma, na juu yake palitandikwa kitambaa cha maua.

"Wageni wakija kuona mahali uyoga wangu ulipozaliwa," alisema mama mkwe, "wasije wakasema naishi jalalani."

Mtafiti alitazama chokaa. Katika miaka yake yote ya kazi alikuwa amesikia kuvu zikiharibiwa kwa moto, kwa mafuriko na kwa mbuzi. Hakuwa amewahi kusikia zilizopigiwa deki kwa heshima.

"Mama, lile gogo liko wapi?"

"Lile bovu? Nilimwambia mzee akalitupe. Lilikuwa limejaa ukungu kila mahali."

Mtafiti aliketi juu ya kuni kavu. Mumewe alimwonyesha kwa macho kwamba si wakati wake, lakini yeye hakujua namna ya kukaa na matokeo bila kuyatoa.

"Mama, majibu ya kwanza yamesema ule uyoga si mpya. Una jina tangu zamani. Nadhani kuna wa pili uliokuwa umechanganyika nao, ambao ni mpya kweli, lakini sina hata mmoja. Kosa ni langu, nilivisaga pamoja. Uliobaki ulikuwa kwenye hilo gogo."

Ng'ambo ya ukuta, cherehani iliyokuwa ikinguruma tangu asubuhi ikanyamaza ghafla.

Mama mkwe alikinyoosha kitambaa cha maua, ambacho hakikuwa kimekunjamana. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Mwambie mkeo," alianza. Hakumaliza. Akaingia jikoni, na muda si mrefu sufuria zikaanza kusema kwa niaba yake.

Mume na mke walibaki uani. Kutoka dirisha la jikoni sauti ikapaa tena, safari hii ikiwa na mtu mwingine wa kumalizia hasira.

"Na wewe mzee! Kanawe miguu kabla hujaingia humu ndani!"

"Nimenawa!" sauti ya baba mkwe ilijibu kutoka nyuma ya tangi la maji.

"Rudia!"

"Kuna nini tena na miguu ya baba?" mtafiti aliuliza.

"Usiulize," alisema mume. "Ni mwezi huu wote. Kila jioni mama anasema miguu ya baba inanuka. Amemnunulia poda, amemnunulia soksi, amemtenganishia beseni. Wapi!"

"Imeanza lini?"

"Sijui. Kama vile mama alipomaliza usafi wake. Kwa nini?"

Mtafiti alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea kwenye tangi, uso mbele, kama mtu anayefuata moshi.

Nyuma ya tangi palikuwa na kivuli na ubaridi, na bomba lililodondosha tone moja moja pasipo mtu kulirekebisha. Baba mkwe alikaa hapo, redio gotini, miguu yote miwili ndani ya beseni la povu. Harufu ilikuwepo kweli: nzito, ya soksi zilizosahauliwa mvunguni. Lakini haikutoka kwenye beseni.

"Shikamoo, baba. Umekalia nini?"

"Marahaba, mwanangu. Kiti."

"Kiti gani hicho kimefunikwa gunia?"

Mzee alitazama upande wa jikoni, akashusha sauti. "Ukinisema kwa mama yako, sina pa kukaa tena katika nyumba hii. Hilo gogo nimelikalia kule kibandani miaka na miaka nikisikiliza mpira. Limeshanijua. Mtu anatupaje kitu kinachomjua?"

"Baba, naomba usimame. Polepole."

Mzee alisimama ndani ya beseni. Mtafiti akainua gunia. Gogo lile, lililotoka kwenye kibanda cha joto na kuletwa chini ya bomba linalovuja, lilikuwa limechanua. Ubavuni, kwa juu, vishada vya uyoga wa kahawia, wa mviringo, unaong'aa kama uliopakwa mafuta. Chini, karibu na udongo, vikofia vingine: vidogo, vya rangi ya majivu, vimejikunja pembe, vimekaa kishambashamba. Vikiwa bado havijafunguka, vilikuwa vya kahawia kama wenzao, na hapo hakuna jicho ambalo lingevitenga. Mtafiti alipiga magoti, akasogeza pua, akairudisha haraka.

"Baba," alisema, "miguu yako haina kosa lolote."

"Nimekuwa nikisema!" Mzee alipaza sauti hadi redio ikaonekana kunong'ona. "Nimekuwa nikisema mimi!"

Safari hii kila kikofia kiliingia mfuko wake wa karatasi, na kila mfuko namba yake. Maabara, Barafu alisimama nyuma yake amekunja mikono, akihesabu kama mtu anayepandisha abiria.

"Kimoja. Kichupa. Kingine, peke yake. Kichupa. Vizuri, dada, tunaendelea kujifunza."

"Nenda kaangalie friza zako."

"Friza zangu hazijachanganya mtu."

Vilima vilitoka safi, kila kimoja na nafasi yake. Uyoga mzuri wa kahawia ulikuwa spishi ya zamani, kama ilivyokwisha kusemwa. Ule wa majivu ulilingana wenyewe kwa wenyewe, lakini haukulingana na chochote katika hazina ya data. Kutoka kwa jamaa yake wa karibu kabisa ulitofautiana kwa takriban herufi nne katika kila mia. Chembe zake zilikuwa na vinundu, zote. Mtafiti hakushangilia bado. Kwa spishi zilizo karibu kiasi hicho, sehemu moja ya DNA inaweza kukupotosha, basi akasoma sehemu nyingine mbili, akachora mti wa ukoo kwa kila moja, na katika miti yote mitatu uyoga wa majivu ulikaa kwenye tawi lake peke yake. Alipofika hapo aliweka kalamu chini. Barafu akachungulia begani.

"Mpya," alisema. Kwa mtu kama yeye, hiyo ilikuwa ngoma na vigelegele. "Haya, mpigie mama mkwe."

"Kuna tatizo," alisema mtafiti. "Unanuka."

Jumapili iliyofuata sebule ilikaa kama zamani. Mama mkwe kwenye kiti chake, mwanawe katikati, mtafiti upande wa pili, baba mkwe pembeni na redio yake. Chai ilikuwa bado jikoni.

"Mwambie mkeo aseme alichokuja kusema," alisema mama mkwe.

Mume alifungua mdomo, lakini mtafiti alikuwa ameshaweka picha mbili mezani. Mama mkwe aliziangalia bila kuzigusa. Kidole chake kikashuka chenyewe juu ya ile ya kahawia, inayong'aa.

"Huu ndio wangu?"

"Huo ndio wa zamani, mama. Una jina la watu. Mpya ni huu."

Kidole kikahamia kwenye picha ya pili.

"Umejikunja," alisema mama mkwe.

"Ndiyo."

"Mdogo."

"Ndiyo."

"Na ndio huo ulionuka kama miguu ya baba yenu."

"Miguu yangu ilishaachiwa huru," alisema baba mkwe kutoka pembeni. "Inachosubiri ni kuombwa radhi."

"Nyamaza wewe."

Mume alimkonyeza mkewe atafute neno la kulainisha. Mtafiti alilitafuta, hakulipata. Alichokuwa nacho ni ukweli tu, akautoa kwa upole kadiri alivyoweza.

"Siwezi kukupa ule mzuri, mama. Huu naweza kuupa jina la harufu yake, au la gogo, au hata la baba. Si lazima uwe wako kama hutaki."

"La baba?"

"Mimi nakubali," alisema baba mkwe, akikaa wima. "Bila mimi lile gogo lingekuwa jalalani."

"Kwani wewe ulifanya nini?"

"Nililikalia."

Mama mkwe aliichukua picha ya uyoga wa majivu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Muulize mkeo," alisema polepole. "Likishaandikwa, halifutwi kweli?"

"Halifutwi," mtafiti alijibu kabla mumewe hajageuka. "Sisi wote tutaondoka, litabaki."

Hapo ndipo cherehani ya ng'ambo iliponyamaza, na sauti ikaingia dirishani, tamu kama sharubati.

"Jirani! Nasikia ule uyoga kumbe wa zamani?"

Mama mkwe aliinuka, picha mkononi, akaenda dirishani.

"Wa zamani ni ule mzuri! Mzuri kila mtu anauona! Wangu hakuna aliyeutambua tangu dunia iumbwe, mpaka ulipopimwa herufi moja moja!"

"Lakini nasikia unanuka!"

"Unanuka vibaya sana! Umemtia hatiani mwanamume wa watu mwezi mzima! Huo ubao wako umewahi kumtia nani hatiani? Unangoja mvua tu uchujuke!"

Ng'ambo kicheko cha fundi cherehani kikapasuka, kikubwa, cha tumboni, na mama mkwe akashika fremu ya dirisha akicheka naye mpaka kitambaa cha kichwa kikalegea.

"Mwezi mzima!" alilia fundi. "Na mapoda yote yale!"

"Na soksi! Nimemnunulia soksi!"

"Hizo sirudishi," alisema baba mkwe.

Mama mkwe aliporudi hakukaa kwenye kiti chake. Alikaa karibu na mtafiti, akafuta macho, akailaza picha mapajani na kuinyoosha kwa kiganja.

"Sasa, mwanangu, unanuka kwa nini hasa?"

"Sijui, mama. Huenda ni kuwaita nzi wausambazie mbegu. Sijapima."

"Basi pima. Mimi siwezi kuwa na uyoga halafu watu waniulize nisijue." Akaitazama tena ile picha. "Na uandike jina langu lote. Usifupishe."

"Nitaandika lote."

Mume alikuwa bado amekaa mbele yao, shingo imegeuka nusu, tayari kupeleka ujumbe ambao haukuja. Mama mkwe alimwona. Akamsogelea mtafiti begani.

"Mwambie mumeo alete chai," alisema. "Inapoa huko jikoni."

Mtafiti akageuka. "Mama anasema ulete chai, inapoa."

Mume, ambaye masikio yake nayo yalikuwa mazima kabisa, akasimama.

"Mwambie mama nakuja," alisema.